Kompyuta Uliyoiunga Mwenyewe Inajizima? Fuata Hatua Hizi Kabla ya Kununua Kifaa

Kompyuta ya mezani uliyoiunga mwenyewe ikianza kujizima, wengi watakwambia papo hapo: badilisha pawa saplai (kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme). Kuna wakati wanasema kweli. Lakini mashine hujizima kwa namna mbalimbali, na kila namna inakuelekeza upande wake. Ukikimbilia kununua kabla ya kutazama, unaweza kubadilisha pawa saplai, RAM (kumbukumbu ya muda), hata kadi ya picha, na tatizo likabaki pale pale kwa sababu lilikuwa skrubu iliyodondokea nyuma ya madabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote).

Mpangilio wa hapa unaanza na kutazama, unapita kwenye mambo yasiyogharimu hata senti, halafu joto, halafu umeme. Vifaa vya bei vinakuja mwisho. Shikilia jambo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: gusa kitu kimoja, jaribu, andika kilichotokea. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na mashine ikatulia, hutajua kipi kimeiponya, na ikirudia utaanza upya.

Nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje leo hii. Umeme ukikatika wakati diski inaandikwa, faili linaweza kuharibika, na baadhi ya majaribio yanayofuata yataizima mashine makusudi.

Hatua ya 1: Angalia inavyozimika

Kaa mbele ya mashine, ondoa ubavu wa keisi ili uone feni na taa, kisha ingoje ijizime. Utaona mojawapo ya haya.

Inakata ghafla. Skrini inakuwa nyeusi, feni zinaanza kusimama, taa zote zinazimika kwa pamoja, na hakuna ujumbe wowote. Hapa shaka yako iwe kwenye umeme, shoti, kitufe cha kuwashia, au joto lililovuka mpaka.

Inakata kisha inajiwasha yenyewe. Wahusika wanaweza kuwa walewale, lakini RAM na prosesa (ubongo wa kompyuta) isiyo thabiti nazo zinaingia kwenye orodha.

Inaganda au inatoa skrini ya bluu. Feni zinaendelea kuzunguka. Mara nyingi hapa ni RAM, draiva (programu inayoendesha kifaa), diski au prosesa, na pawa saplai inashuka chini kwenye orodha ya washukiwa.

Inajifunga kwa utaratibu, ikiaga kama vile wewe ndiye uliyeiamuru. Hilo ni la programu: sasisho, mipangilio ya kulala, programu ya UPS (betri ya akiba ya umeme) inayodhani betri imeisha, au hata virusi. Usifungue keisi kwa tatizo la namna hii.

Kuna mtego kwenye Windows. Kwa mipangilio ya kawaida hujiwasha upya mara tu baada ya skrini ya bluu, na kwa haraka ambayo macho hayaiwahi, nawe ukadhani umeme umekatika. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda kwenye kichupo cha Advanced, fungua mipangilio ya Startup and Recovery, kisha ondoa alama kwenye Automatically restart. Skrini ya bluu ikija tena itabaki pale, na utasoma kilichoandikwa.

Andika pia inazimika lini. Sekunde chache baada ya kuwasha? Baada ya dakika kumi za mchezo mzito? Ikiwa imetulia bila kazi yoyote? Na swali ambalo wengi hawajiulizi: baada ya kuzimika, inakubali kuwaka mara moja? Kama kitufe hakifanyi kitu mpaka uzime swichi ya nyuma ya pawa saplai, usubiri kidogo na kuiwasha tena, basi kinga ya ndani ya pawa saplai imejifunga. Iliona mkondo uliozidi, shoti, au volteji isiyo sawa, ikajikata. Hiyo ni dalili nzito. Itakuokolea muda mwingi.

Hatua ya 2: Soma kumbukumbu za mfumo

Kwenye Windows fungua Event Viewer (daftari la matukio ya mfumo), ingia Windows Logs, halafu System, utafute saa mashine ilipozimika. Karibu kila mtu hukutana na tukio namba 41 la Kernel-Power na kuamini kwamba amepata jibu, kwa kuwa lina neno la umeme. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine haikufungwa vizuri mara ya mwisho. Halitaji sababu. Fungua maelezo yake ya ndani utazame BugcheckCode: ikiwa 0, mara nyingi umeme ulikatika au mashine iliganda kabla Windows haijaandika chochote, ikiwa namba nyingine, kulikuwa na skrini ya bluu.

Tukio namba 1074 lina faida zaidi, kwani hutaja programu iliyoamuru kuzima. Ukiona pia matukio ya WHEA-Logger, vifaa vyenyewe vimelalamika, na mara nyingi ni prosesa, volteji yake au RAM.

Kwenye Linux andika journalctl -b -1 -e uone mistari ya mwisho ya mara iliyopita. Ikiwa mistari inakatika katikati bila dalili ya mfumo kujifunga, umeme ulikatwa kutoka chini yake.

Hatua ya 3: Mambo ya bure

Chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, bila ekstensheni, bila stebilaiza, bila UPS. UPS yenye betri iliyochoka inaweza kukata mzigo wote wakati umeme wa nyumba unapoyumba hata kidogo. Jaribu pia soketi ya chumba kingine na waya mwingine wa umeme. Waya huo uingie mpaka mwisho nyuma ya pawa saplai. Ukilegea, kusukuma meza tu kunatosha kuizima mashine.

Sasa kitufe cha kuwashia, ambacho hakipewi heshima yake. Madabodi huchukulia kitufe kilichobanwa kwa takribani sekunde 4 kuwa amri ya kuzima kwa nguvu. Kitufe cha keisi kikikwama ndani, au swichi yake ikiwa mbovu, mashine itawaka, ihesabu sekunde hizo, kisha izime, na itafanya hivyo kila mara kwa muda uleule. Kikishikana kwa vipindi, itakata wakati wowote. Kukipima ni rahisi. Zima, tafuta ile plagi ndogo yenye nyaya mbili iliyoandikwa POWER SW kwenye kona ya chini ya madabodi, ichomoe kabisa. Washa mashine kwa kugusanisha pini zile mbili kwa ncha ya bisibisi, mguso mmoja tu, kisha ondoa. Volteji ya hapo ni ndogo, haikudhuru, mradi usiteleze ukagusa pini za jirani. Iache mashine ifanye kazi bila kitufe. Ikidumu kutwa nzima, umempata mhusika, na unaweza kuhamishia plagi ya kitufe cha kuanzisha upya kwenye pini hizo kisha ukakitumia hicho kuwashia.

Chomoa pia kila kifaa cha USB isipokuwa kibodi na kipanya, pamoja na nyaya za USB za mbele ya keisi. Poti iliyopinda pini huweza kupiga shoti. Baadhi ya madabodi huonya kwenye skrini kwamba kifaa cha USB kinavuta mkondo kupita kiasi, zinahesabu sekunde 15, halafu zinazima.

Mwisho wa hatua hii, ingia BIOS (mipangilio ya madabodi inayofunguka kabla ya Windows) na urudishe mipangilio ya kiwandani. Hiyo inaondoa XMP au EXPO ya RAM (mipangilio inayoongeza kasi yake), kuongeza kasi ya prosesa, na kila ulichokigusa siku za furaha ya mashine mpya.

Hatua ya 4: Kagua kazi ya mikono yako

Mashine ya kuunga ina makosa yake ambayo ile iliyotoka kiwandani ikiwa tayari huwa nayo kwa nadra. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma tupu cha keisi kuondoa umeme tuli, kisha anza.

Chomoa na urudishe plagi kubwa ya pini 24 ya madabodi, plagi ya pini 8 ya prosesa iliyo juu kushoto, na zile za kadi ya picha. Usibonyeze tu kutoka juu. Itoe kabisa, iangalie, irudishe mpaka kikamatio kilie. Plastiki iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia au pini iliyoungua ina maana kwamba mguso haukuwa mzuri na joto limepita hapo. Waya huo usiutumie tena.

Halafu vile vinguzo vya shaba vinavyoibeba madabodi. Keisi nyingi zina matundu ya madabodi za ukubwa mbalimbali, na kinguzo kikiachwa mahali ambapo madabodi yako haina tundu, kinagusa sehemu za kulehemu upande wa nyuma. Shoti ya namna hiyo inaweza kujificha wiki nyingi, ikijitokeza pale tu bodi inapopata joto na kujipinda kidogo. Angalia pia bamba la chuma la nyuma lenye matundu ya poti: vile vilimi vyake vyembamba mara nyingine huingia ndani ya poti ya USB badala ya kukaa juu yake.

Ukiwa na shaka, toa kila kitu kwenye keisi. Weka madabodi juu ya boksi lake la karatasi ngumu, ukiwa na prosesa na kipoza joto chake, kijiti kimoja cha RAM, pawa saplai, na kadi ya picha ikiwa tu prosesa haina picha zake. Mashine iliyokuwa ikijizima ndani ya keisi na sasa inatulia juu ya boksi inakuambia kwamba kosa liko kwenye keisi: kinguzo, skrubu, kitufe au waya wa mbele. Kwa mashine ya kuunga, naliona jaribio hili kuwa bora kuliko yote, na linakudai muda na bisibisi peke yake.

Hatua ya 5: Joto

Sakinisha HWiNFO (programu ya kusoma vipima joto vya mashine), au kwenye Linux tumia amri ya sensors, utazame joto la prosesa na kadi ya picha mashine ikiwa imetulia na ikiwa kazini. Prosesa nyingi za Intel za miaka ya karibuni zina kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi. Ryzen (prosesa za AMD) za mfululizo wa 7000 zimetengenezwa kuvumilia hadi nyuzi 95 zikiwa na mzigo mzito, kwa hiyo namba hiyo peke yake isikutishe.

Watu wengi hawajui kwamba prosesa ya kisasa haikimbilii kuzima. Kwanza hupunguza kasi yake ili ipoe. Mashine inayokatwa na joto la prosesa kwa kawaida huwa imeshakuwa nzito kabla ya kukata, na namba za joto zimeshagonga dari. Ikiwa inakata ghafla wakati prosesa iko nyuzi 60, achana na pesti ya joto (ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto) uende hatua ya 6.

Joto likiruka kutoka nyuzi 40 hadi 95 ndani ya sekunde chache za mzigo, kipoza joto hakigusi prosesa sawasawa. Kitoe. Je, ile karatasi ya plastiki ya kiwandani bado iko chini yake? Pesti imesambaa katikati, au kuna upande mkavu? Pini zote nne zimeshika? Futa pesti ya zamani kwa kitambaa chenye spiriti, weka tone dogo jipya katikati, kaza skrubu kwa mshazari, kila moja kidogo kidogo.

Kwa kipoza joto cha maji, shika mirija miwili mashine ikiwa kazini. Mmoja ukiwa wa moto kabisa na mwingine baridi, huku rejeta yake haijapata joto, maji hayazunguki. Hakikisha pampu imechomekwa na BIOS inaonyesha mizunguko yake.

Vumbi lisafishe kwa hewa ya kupuliza, ukizishika feni zisizunguke. Na usiisahau pawa saplai yenyewe: ikiwa feni yake inatazama chini kwenye zulia, inavuta hewa kidogo, inapata joto, inajikata.

Hatua ya 6: Umeme

Hapa ndipo kesi nyingi za kukata ghafla wakati wa michezo huishia.

Anza na hesabu. Usisome tu wati za msingi kwenye boksi la prosesa. Core i9-13900K imeandikwa wati 125, lakini ikikaza mwendo inaruhusiwa kufika 253. Ryzen ya soketi ya AM4 yenye wati 105 inaweza kuvuta 142. RTX 3080 inavuta 320, RTX 4090 inavuta 450. Juu ya hapo, kadi kubwa za picha huruka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde hadi kiwango kinachozidi sana hizo namba, na pawa saplai ya zamani huweza kuuona mruko huo kama shoti, ikajikata. Ndiyo sababu viwango vya ATX 3.0 (kanuni za utengenezaji wa pawa saplai) vya mwaka 2022 vinaitaka pawa saplai ihimili mruko wa hadi mara mbili ya uwezo wake kwa muda mfupi mno.

Angalia nyaya za kadi ya picha. Nafasi ya madabodi inatoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 inatoa 75, ya pini 8 inatoa 150. Kadi yenye plagi mbili za pini 8 ipe nyaya mbili tofauti kutoka pawa saplai, usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili.

Na hili nalisema kwa msisitizo: nyaya za pawa saplai moja usizitie kwenye pawa saplai nyingine, hata kama zinaingia vizuri. Upande wa pawa saplai mpangilio wa pini hauna kiwango kimoja, na hutofautiana hata kati ya modeli za kampuni moja. Volti 12 zikifika palipotakiwa volti 5, diski inakufa hapo hapo.

Sasa jaribio la bure ambalo ningelifanya kabla ya kutoa pesa. Kwa programu ya kadi yako, shusha kikomo cha umeme cha kadi ya picha hadi asilimia 70, kisha cheza mchezo uleule uliokuwa ukizima mashine. Ikitulia, una ushahidi mzuri kwamba tatizo liko kwenye pawa saplai, nyaya zake, au kadi yenyewe inapovuta mzigo mkubwa. Halafu tenganisha mizigo: iendeshe prosesa peke yake kwa Prime95, kisha kadi peke yake kwa FurMark (programu za kuvipa vifaa mzigo mzito), kisha vyote pamoja. Mashine inayohimili kimoja kimoja na kukata vikiungana inakuelekeza moja kwa moja kwenye uwezo wa pawa saplai. Kaa karibu wakati wote huo, na simamisha joto likizidi.

Ukiwa na multimita (kipima umeme), pima kwenye plagi ya Molex (ile pana ya pini nne) mashine ikiwa na mzigo. Waya wa njano dhidi ya mweusi uwe kati ya volti 11.4 na 12.6; mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Namba zikitoka nje ya hapo, pawa saplai ni mbovu. Zikiwa ndani, bado haijasafishwa jina, kwa sababu multimita ya kawaida haiuoni mporomoko wa kufumba na kufumbua. Jaribio la mwisho ni kuazima pawa saplai nzima yenye uwezo wa kutosha, pamoja na nyaya zake, na kutumia siku kadhaa.

Pawa saplai isifunguliwe kwa hali yoyote. Kapasita za ndani hubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomoa waya.

Ikiwa mashine yako ya Ryzen inazimika ikiwa imetulia tu, kamwe si kazini, tafuta kwenye BIOS mpangilio wa Power Supply Idle Control, uuweke Typical Current Idle. Baadhi ya pawa saplai za zamani hushindwa pale prosesa inapovuta mkondo mdogo sana.

Hatua ya 7: RAM, kisha prosesa na madabodi

RAM mbovu mara nyingi huleta skrini ya bluu au kuanza upya, mara chache kukata kabisa. Endesha MemTest86 (programu ya kupima RAM) kutoka kwenye flashi, usiku mzima. Kosa hata moja ni kosa. Ukilipata, jaribu kijiti kimoja kimoja kwenye tundu lilelile, kwa kawaida la pili kutoka kwenye prosesa, ujue kama ubovu uko kwenye kijiti au kwenye tundu.

Ikiwa una prosesa ya Intel Core ya kizazi cha 13 au 14 inayoleta mivurugo, sasisha BIOS kwanza. Mwaka 2024 Intel ilithibitisha kwamba baadhi ya prosesa hizo za mezani ziliathiriwa na volteji iliyopanda kupita kiasi, ikatoa marekebisho ya microcode (maelekezo ya ndani ya prosesa) na kuongeza miaka 2 ya dhamana. Sasisho linazuia uharibifu mpya tu. Prosesa iliyokwisha kuharibika irudishwe.

Kama kila kitu kimepita, na mashine inazimika hata juu ya boksi ikiwa na pawa saplai ya kuazima, imebaki madabodi au prosesa. Anza kuishuku madabodi. Tazama karibu na soketi ya prosesa kama kuna kapasita iliyovimba au alama ya kuungua, na chunguza pini za soketi kwa tochi na kikuza macho. Irudishe kwa muuzaji pamoja na yale uliyoandika tangu hatua ya 1. Fundi wa dhamana akisoma kwamba umeshajaribu pawa saplai nyingine na RAM moja moja, ana sababu chache za kukurudisha nyumbani.

Mashine ikishatulia, rudisha ulivyoviondoa, kimoja kila baada ya siku mbili au tatu: keisi, nyaya za mbele, kikomo cha kadi ya picha, UPS, na mwisho kabisa XMP. XMP ikirudisha tatizo, shusha kasi ya RAM ngazi moja na uendelee kuitumia hapo.